Ukatili wa majumbani visiwani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kuripoti polisi

Maswali yaliyojibiwa hapa ni yale ambayo wakazi wa visiwa vya mkoa wa Mwanza, kuanzia Ukerewe, Ukara na Irugwa hadi Kome na Maisome, huuliza mara nyingi wanapofikiria kwenda polisi, au wanaporudi kutoka huko bila kuelewa kilichofanyika. Majibu yanafuata sheria za Tanzania Bara na utaratibu wa kawaida wa vituo vya polisi.

Nimepigwa na mwenzangu, na kisiwani kwetu hakuna kituo cha polisi. Nianzie wapi?

Anza na usalama wako. Nenda kwenye nyumba yenye watu wengi au kwenye zahanati, mahali ambapo atakayekufuata ataonekana. Baada ya hapo toa taarifa kwa askari aliye karibu. Kata nyingi siku hizi zina Mkaguzi wa Polisi Kata, ingawa kata yenye visiwa kadhaa inaweza kuwa na mkaguzi mmoja tu, naye yuko ng'ambo ya maji. Namba ya dharura ya polisi ni 112, na kwa jambo linalomhusu mtoto ipo namba 116, ambayo haitozwi.

Kama askari hapatikani, mweleze mtendaji wa kijiji au mwenyekiti wa kitongoji. Watu wengi hudhani kwamba kumweleza kiongozi huyo ni hiari ya mlalamikaji na kwamba kuipeleka mbele taarifa ni hiari ya kiongozi. Sivyo. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inamtaka mwananchi atoe taarifa ya kosa kwa polisi au kwa mtu mwenye mamlaka katika eneo lake, na inamtaka mtu huyo aifikishe kwa mkuu wa kituo cha polisi kilicho karibu. Mtendaji anayeandika taarifa yako kwenye daftari la kijiji na kuishia hapo hajakamilisha wajibu wake. Mwombe barua ya kukutambulisha kituoni yenye tarehe na muhuri, lakini usikubali kuambiwa kwamba bila barua hiyo polisi hawatakusikiliza.

Unaweza pia kuripoti kwenye kituo chochote unachofikia baada ya kuvuka. Aliyepigwa Ukara akashuka Bugolora na kuendelea hadi Nansio hapaswi kurudishwa kwa sababu tukio lilitokea kwingine. Taarifa hupokelewa, huandikwa, kisha hupelekwa panapohusika.

Polisi huandika nini hasa, na RB ni kitu gani?

Swali hili lina uzito kuliko linavyoonekana, kwa sababu visiwani ushahidi mwingine wote hupotea haraka. Uvimbe hupungua, mashahidi huhama na kambi ya uvuvi, nguo hufuliwa ziwani asubuhi ileile. Kinachobaki ni kile kilichoandikwa.

Ukifika kaunta, askari wa zamu huandika taarifa yako kwenye daftari la taarifa (kwa Kiingereza Report Book, ndiyo RB) na kukupa namba ya RB. Namba hiyo huwa na kifupi cha jina la kituo, herufi RB, namba ya taarifa yenyewe na mwaka. Inaandikwa kwenye kipande cha karatasi ambacho hulowa, huchanika au hupotea ndani ya mtumbwi, kwa hiyo kipige picha kwa simu na umtumie mtu unayemwamini kabla hujaondoka kituoni. Ukiwa na namba hiyo, hata miezi sita baadaye askari mwingine anaweza kufungua daftari na kuona kwamba ulikuja.

RB peke yake si kesi. Huo ni uthibitisho kwamba taarifa imepokelewa. Ili upelelezi uanze ni lazima maelezo yako yaandikwe kwa kirefu, jalada lifunguliwe, na apangwe mpelelezi. Wanawake wengi wa visiwani hurudi nyumbani na karatasi ya RB wakiamini kwamba kesi imeanza, kumbe hakuna aliyewaandika maelezo. Uliza maswali mawili kabla hujatoka: je, jalada limefunguliwa, na mpelelezi wangu ni nani?

Maelezo ya mashauri ya aina hii huandikwa vizuri zaidi kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, ambalo lina askari waliofundishwa kazi hiyo na, pale majengo yanaporuhusu, chumba cha faragha. Una haki ya kuomba usihojiwe mbele ya watu walio kaunta. Eleza tukio kwa mpangilio: siku, saa, mahali, alichokishika mkononi, alipopiga, maneno aliyotamka, waliokuwepo, na kama amewahi kufanya hivyo kabla. Vitisho viandikwe kama vilivyosemwa. "Alinitisha" haimsaidii mpelelezi. "Alisema atanifunga jiwe na kunitupa majini" humsaidia sana. Kama Kikerewe, Kijita au Kisukuma ndiyo lugha unayoielezea vizuri, sema hivyo ili apatikane wa kutafsiri ambaye si ndugu wa mtuhumiwa. Ukimaliza, maelezo yasomwe ukisikia, urekebishe palipokosewa, ndipo utie sahihi au dole gumba.

Je, kuna kosa linaloitwa ukatili wa majumbani?

Tanzania Bara haina sheria mahususi ya ukatili wa majumbani. Anayempiga mwenzi wake hushtakiwa kwa makosa yaliyomo kwenye Kanuni ya Adhabu: shambulio la kawaida, shambulio la kudhuru mwili ambalo adhabu yake hufikia kifungo cha miaka 5, kudhuru vibaya, au kutishia kuua. Aidha, kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinatamka kwamba mwanandoa hana haki ya kumwadhibu mwenzake kwa viboko, hata kama mila ya mahali inasema vingine. Sheria hiyo ina zaidi ya nusu karne, lakini ziko kambi ambazo bado mtu anasimama mbele ya wazee na kudai kwamba kumchapa mke ni haki yake.

Utaratibu huo una athari kwenye kumbukumbu. Mke aliyevunjwa mkono na mumewe na mvuvi aliyevunjwa mkono kwenye ugomvi wa nyavu wanaweza kuingizwa daftarini chini ya kosa lilelile. Askari asipoandika uhusiano wa wahusika, hakuna atakayejua baadaye kwamba mlalamikaji huyo amekuja mara ya tatu kulalamikia mtu yuleyule. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2015-16 ulionyesha kuwa wanawake 4 katika kila 10 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili tangu walipofikisha miaka 15, na yeyote anayeyafahamu madaftari ya vituo vidogo anajua kwamba sehemu kubwa ya matukio hayo haikufika kaunta. Kwa hiyo sisitiza yaandikwe maneno "mume wangu", "mzazi mwenzangu" au "tunaishi pamoja", na kama uliwahi kuripoti, taja namba za RB za awali.

PF3 inatumikaje, na nifanye nini kama zahanati ya kisiwani inaidai kabla ya kunitibu?

PF3 ni fomu ya polisi ambayo mganga huijaza kueleza majeraha aliyoyaona, ukubwa wake, umri wake na aina ya kitu kilichoyasababisha. Hutolewa kituoni bila malipo. Mwenye hali mbaya atibiwe kwanza na fomu ifuate. Kumwacha mtu avuje damu wakati kituo cha polisi kiko mwendo wa saa kadhaa kwa boti hakukubaliki.

Ukitibiwa kabla ya kupata fomu, mwombe mganga aandike majeraha yote kwenye daftari la wagonjwa na kwenye kadi yako, pamoja na tarehe na jina la aliyekupiga kama ulivyolitaja. PF3 ikipatikana siku mbili baadaye, mganga yuleyule ataijaza kwa kufuata kumbukumbu hizo. Piga picha za majeraha siku ya kwanza na tena siku ya tatu, kwani michubuko mingi huonekana vizuri zaidi baada ya siku moja au mbili.

Fomu ikipotea kesi haifi. Mahakama husikiliza ushahidi wote, ukiwamo wa mlalamikaji, wa jirani aliyesikia kelele na wa mganga mwenyewe. Hata hivyo ni heri fomu iwepo, na iwe imejazwa kwa mwandiko unaosomeka.

Wazee, mtendaji na hata familia yangu wanasema jambo hili liishie nyumbani. Je, nalazimika kukubali?

Hulazimiki.

Ili kuelewa shinikizo hili ni lazima kuelewa kisiwa chenyewe. Dagaa huvuliwa kwenye giza, na mbalamwezi ikiwaka kambi hupumzika. Zile wiki za giza ndizo zinazolisha watu mwezi mzima. Mtuhumiwa akiwa nahodha wa mtumbwi, kukamatwa kwake wakati wa giza kunamgusa tajiri mwenye chombo, vijana anaovua nao, wanawake wanaoanika dagaa wake na mwenye duka anayewadai wote. Ndiyo maana mlalamikaji hufuatwa na ujumbe wa watu ambao hawajawahi kumuuliza hali yake, nao hawasemi kwamba kupigwa ni sawa; wanasema subiri giza lipite. Likishapita, jeraha limefunga na shahidi amehamia mwalo mwingine, yaani mahali pengine pa kushushia samaki. Mara nyingine mwenyekiti anayesuluhisha ni baba mdogo wa mtuhumiwa, na mtumbwi pekee unaovuka siku hiyo ni wa tajiri wake.

Usuluhishi una nafasi yake katika sheria. Baraza la usuluhishi wa ndoa lipo, na kwa kawaida shauri la talaka hulipitia kabla ya kufika mahakamani. Mahakama nayo inaweza kuhimiza mapatano katika shambulio la kawaida ambalo halikuwa na uzito mkubwa. Lakini anayeamua hapo ni hakimu, mbele ya pande zote mbili, kosa likiwa limeshaandikwa. Kikao cha ukoo hakina mamlaka ya kufuta kosa la jinai, wala fidia ya mbuzi au ya fedha haimzuii mpelelezi kuendelea. Kwa makosa mazito kama kuvunja mfupa, kukata kwa panga, kuchoma moto au kubaka, kiongozi wa kijiji anayekaa kusuluhisha anavuka mipaka yake.

Ushauri tunaoutoa kila mara ni kwamba taarifa iandikwe polisi kwanza, kikao kije baadaye kama mwenyewe unakitaka. Aliyepatanishwa bila kumbukumbu yoyote, akipigwa tena, ataonekana kana kwamba ndiyo mara ya kwanza. Kama umekubali kukaa kikao, muhtasari uandikwe, utiwe sahihi na pande zote, nawe ubaki na nakala yako.

Hatujafunga ndoa, tunaishi tu pamoja kambini. Polisi watanisikiliza?

Ndiyo. Kosa la kumpiga mtu halihitaji cheti cha ndoa. Ndoa ina umuhimu kwenye mambo ya mali na matunzo, na hata huko Sheria ya Ndoa inatoa dhana ya ndoa, yaani inachukulia kuwa ndoa ipo, kwa mwanamume na mwanamke walioishi pamoja kwa miaka 2 au zaidi na kutambuliwa na jamii kama mume na mke.

Haniwekei mkono, lakini ananyang'anya fedha zangu za dagaa na ameacha kutuhudumia.

Dawati litakusikiliza na kuandika taarifa, ila kwa suala la matunzo ya mke na watoto kwa kawaida utaelekezwa kwa Ofisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri, na baadaye mahakamani ikibidi. Usione kwamba umefukuzwa. Lakini kama fedha zilichukuliwa kwa nguvu au kwa vitisho, jambo hilo ni la jinai na liandikwe hivyo.

Mtuhumiwa amekimbilia kisiwa kingine. Polisi watampataje?

Hapa mlalamikaji ndiye mwenye taarifa ambazo mpelelezi hana. Makambini watu hujulikana kwa majina ya utani, na hati ya kukamata haiandikwi kwa jina la utani peke yake. Mpe mpelelezi jina kamili, la baba yake, kijiji alikozaliwa, namba ya simu, picha, jina la tajiri anayemfanyia kazi, namba ya usajili iliyochorwa ubavuni mwa mtumbwi na mwalo anakopenda kushusha samaki. Uongozi wa kikundi cha ulinzi wa rasilimali za uvuvi cha mwalo, ambacho wavuvi hukiita BMU, huwa unafahamu vyombo na watu wanaoingia, na unaweza kuulizwa. Polisi Wanamaji nao wana kazi yao ziwani, ingawa usitegemee kwamba boti itatumwa siku hiyohiyo.

Akivuka mpaka kuingia Uganda au Kenya mambo huwa magumu zaidi, lakini jalada hubaki wazi, na wavuvi wengi hurudi msimu unapobadilika. Ukisikia amerudi, mpigie mpelelezi. Usimfuate mwenyewe.

Alikamatwa Jumatatu, Jumatano nikamwona mwaloni. Je, kesi imefutwa?

Yaelekea amepata dhamana. Mtu aliyekamatwa anapaswa kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24 au mapema iwezekanavyo baada ya hapo, na makosa mengi ya shambulio yana dhamana. Dhamana haimaanishi kwamba ameshinda. Tatizo la kisiwani ni kwamba hakuna mtaa wa pili wa kuhamia; mtakutana kisimani, kanisani, msikitini na kwenye foleni ya kivuko. Kwa hiyo mwambie mpelelezi mapema, kabla dhamana haijatolewa, kwamba unahofia usalama wako, na uombe masharti ya kutokukaribia. Akikutisha akiwa nje kwa dhamana, ripoti upya na upate RB nyingine, kwa sababu hilo ni tukio jipya. Aliyefungua shauri la ndoa mahakamani anaweza pia kuomba amri ya kumzuia mwenzake kumsumbua.

Nimebakwa. Nifanye nini kwanza?

Usioge, usifue, na nguo ulizovaa ziweke kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki. Nenda kituo cha afya haraka kuliko unavyokwenda polisi kama huwezi kufika kote kwa wakati mmoja. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinapaswa kuanzwa ndani ya saa 72, na kadiri zinavyoanza mapema ndivyo zinavyofaa zaidi. Humezwa kwa siku 28. Dawa za kuzuia mimba za dharura zinafaa ndani ya siku 5. Saa 72 si nyingi kwa mtu anayesubiri upepo utulie ili avuke, kwa hiyo mganga wa zahanati apigiwe simu mapema aseme dawa zinapatikana wapi. Baadhi ya hospitali zina Kituo cha Mkono kwa Mkono, ambako tiba, polisi na ustawi wa jamii hupatikana mahali pamoja.

Ni lazima tuseme wazi jambo ambalo wengi hulipokea kwa uchungu: Kanuni ya Adhabu haitambui ubakaji kati ya mume na mke ambao hawajatengana. Tunaamini hilo ni pengo linalopaswa kuzibwa. Hata hivyo kipigo, majeraha na vitisho vilivyoambatana na tendo hilo ni makosa, na vyote viandikwe.

Naweza kuifuta kesi?

Kesi ya jinai ni ya Jamhuri. Wewe ni mlalamikaji na shahidi. Unaweza kumweleza mwendesha mashtaka kwamba hutaki kuendelea, lakini uamuzi si wako wala wa askari wa kaunta. Watu husema mke hawezi kulazimishwa kumtolea mumewe ushahidi. Kwa ujumla ndivyo ilivyo, lakini Sheria ya Ushahidi inaweka tofauti pale kosa linapokuwa limetendwa dhidi ya mwenzi mwenyewe au watoto wao. Kama unabadili msimamo kwa sababu umetishwa, sema hivyo, na vitisho hivyo viandikwe.

Nitalipa nini?

RB, PF3, kuandikiwa maelezo na dhamana vyote havilipiwi. Visiwani huja hoja ya mafuta ya boti ya kumfuata mtuhumiwa, na jamaa wengi huchanga bila kuuliza. Kumkamata mtuhumiwa ni kazi ya dola, na kesi haipaswi kukwama kwa sababu mlalamikaji hana lita ishirini za petroli. Ukidaiwa fedha, namba ya TAKUKURU ni 113.

Mimi ni jirani tu. Je, naruhusiwa kuripoti?

Unaruhusiwa, tena sheria inakutaka, na kwa mtoto imesema wazi zaidi: Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa kila mwanajamii wajibu wa kuitaarifu mamlaka ya serikali za mitaa anapoona haki za mtoto zinavunjwa. Ukishasikia kelele usiku, andika tarehe na saa. Ushahidi wa jirani mmoja aliyekumbuka saa umewahi kuwa na uzito kuliko wa watano waliosema "huwa wanapigana".

Na mwanamume anayepigwa?

Utaratibu ni uleule, dawati ni lilelile. Askari anayemcheka kaunta anakiuka wajibu wa kazi yake.

Kituoni hawakuniandika. Niende wapi?

Omba kuonana na mkuu wa kituo siku hiyohiyo. Ikishindikana, nenda kwa mkuu wa polisi wa wilaya, na kwa wilaya ya Ukerewe ofisi zake ziko Nansio, kisha kwa kamanda wa polisi wa mkoa, Mwanza. Ofisa Ustawi wa Jamii anaweza kukuandikia barua au kukusindikiza. Wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 hutoa huduma bila malipo, na kwa malalamiko dhidi ya utendaji wa askari ipo Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Andika siku na saa uliyofika na jina la askari aliyekupokea au namba yake.

Nimehamia Mwanza mjini ili niwe salama, lakini kesi iko Nansio.

Kuhama hakuvunji kesi. Kutopatikana ndiko kunakoivunja. Mashauri mengi huondolewa mahakamani kwa sababu mlalamikaji hakutokea baada ya wito kupelekwa kwenye nyumba aliyokwisha kuihama. Mpe mpelelezi na karani wa mahakama namba yako mpya na ya ndugu mmoja, uwaombe wasimpe mtu mwingine mahali unapoishi, na uulize tarehe ijayo kabla ya kila kikao kuahirishwa. Ukipangiwa kutoa ushahidi asubuhi, vuka jana yake, kwani meli ikichelewa hakimu hatajua kama ulikuwa njiani.